Bega la Kushoto

Nguo ilichelewa kushuka, na balaa lote lilianzia hapo.

Kwenye studio ile nguo hazianzi na sindano. Huchorwa kwenye kompyuta, hukatwa kwenye kompyuta, halafu huvishwa sanamu ya kwenye kompyuta isiyo na uso wala nywele. Sanamu inatembea, inageuka, bosi anaona kama kitambaa kinalala vizuri au kinavuta kwapani. Uzi huja mwisho kabisa, watu wakishakubaliana. Hiyo ndiyo kazi waliyozawadiwa wanafunzi wawili walioshinda mashindano ya ubunifu wa mavazi: mafunzo kwenye studio kubwa, na meza mbili zinazotazamana. Msichana alikuwa wa kwanza, mvulana wa pili, na tangu waingie hakuna aliyejisumbua na majina yao. Yeye Wa Kwanza, mwenzake Wa Pili, basi, yakawa hayo.

Sasa ile programu ina tabia yake mbaya. Ukifungua kazi nzito, mwili hutangulia na nguo hufuata. Kila aliyezoea huifungua kazi pembeni, akaisubiri itulie, ndipo akaiwasha skrini kubwa ya ukutani. Wa Pili alilijua hilo kama anavyoijua njia ya chooni. Lakini leo studio ilikuwa imealika ndugu na wazazi waje kuona kazi za vijana wao, na kwenye kiti cha mbele alikuwa amekaa mama yake Wa Kwanza, mtu ambaye Wa Pili alikuwa na nia ya kumwita mama mkwe. Macho yakawa kwa mama yule badala ya kompyuta. Akaiwasha skrini kwanza.

Mwili ukatokea. Mkubwa, wa kijivu, mtupu, kuanzia shingoni hadi magotini, umejaa ukuta mzima. Na juu yake maandishi manene: WA KWANZA.

Shangazi wa mtu akaguna.

"Nguo inakuja," Wa Pili alisema, jasho likimtoka. "Samahanini sana wazazi. Nguo inakuja sasa hivi."

Wa Kwanza hakuitazama skrini. Alimtazama kaka yake.

Kaka alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mwanamume wa shingo nene na mikono iliyojaa madoa ya cheche. Leo alikuwa amevaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, kwa heshima ya mdogo wake. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya akilikagua geti lililokaa vibaya. Hakuwa anaangalia kifua wala nyonga, alikokuwa anaangalia kila mtu. Alikuwa anaangalia bega la kushoto.

Lilikuwa limeshuka. Halikushuka sana, upana wa vidole viwili tu, na chini yake mfupa ulikuwa umejikunja kama waya ulionyooshwa na mtu asiyejua kazi. Sanamu nyingine zote za studio zina mabega sawa, kwa sababu ukishapima upande mmoja kompyuta inaunakili upande wa pili, unapumzika. Wa Pili alikataa kupumzika. Alipima pande zote mbili.

Alikuwa amempima Wa Kwanza mchana mmoja, wenzao walipokwenda kula, wiki chache tu baada ya wale wawili kuacha kununiana na kuanza kuibiana macho. Futi ya kupimia ilipofika bega la kushoto, vidole vyake vikagusa kitu laini chini ya blauzi.

"Hiki nini?"

"Kimto," Wa Kwanza alisema, macho chini. "Mama hunishonea. Kila nguo yangu lazima iwe na kimto upande huu."

"Kwa nini?"

"Nilianguka kwenye ngazi nikiwa mdogo."

Wa Pili aliikunja futi. Hakumwonea huruma ya kelele, na kwa hilo peke yake Wa Kwanza alimpenda mara mbili.

"Kitoe," alisema taratibu. "Nataka kukata gauni litakalokaa juu ya bega lako. Nimechoka kuziona nguo zako zinavyokupigania."

Alikitoa. Hakuna mtu aliyewahi kuligusa bega lile bila kimto tangu lilipopona, na lilipoguswa machozi yalimtoka bila kuombwa. Walikubaliana kwamba gauni litaoneshwa, lakini mwili utabaki siri yao. Watu wangeona gauni tu.

"Zima hicho kitu," Kaka alisema pale ukumbini.

Hakupaza sauti. Wa Kwanza alijua maana yake.

"Nazima, nazima," Wa Pili alisema, akihangaika na kipanya. Kompyuta ilikuwa imeganda. "Nisamehe, shemeji, hii mashine..."

Jamani! Maneno yote yaliyojaa duniani, akaliokota hilo.

"Nani shemeji yako?"

"Kaka, subiri," Wa Kwanza alisema akisimama. "Kaka, tafadhali, si hapa."

Kaka hakumgeukia Wa Pili kwanza. Alimgeukia dada yake, akamsogelea mpaka Wa Kwanza akaisikia harufu ya sabuni kwenye lile shati jeupe.

"Umewaambia?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Sijamwambia mtu."

"Umewaambia nini kuhusu bega?"

"Kaka, nakuapia..."

"Unanianika ukutani mbele ya watu? Mimi niliyekulea?"

"Bwana mkubwa," Wa Pili aliingilia, akaja katikati yao. Uso ulikuwa umesawijika kwa woga lakini miguu ilikuja. "Kosa ni langu. Ule mwili nimeuchora mimi. Yeye hana..."

Ngumi ilimkuta neno likiwa mdomoni.

Aliruka nyuma, akaangukia safu ya viti na viti vikaanguka naye. Watu wakapiga kelele, wengine wakakimbilia mlangoni. Kaka alipita juu ya viti kama mtu anayekanyaga majani, akamshika shati kifuani, akamnyanyua, akampiga kichwa usoni. Wa Kwanza alisikia pua ikivunjika. Sauti yake ilikuwa ndogo tu, kama mtu aliyevunja kijiti.

"Mlinzi!" Madamu, bosi wa studio, alikuwa amesimama juu ya kiti na viatu vyake virefu. "Mlinzi yuko wapi! Huyu mtu ataua!"

Mlinzi alikuwa chini kabisa, akisimamia magari ya wageni.

"Umemvua nguo dada yangu!" Kaka alikuwa anamtikisa Wa Pili. "Umemvua, ukamchora, ukamweka ukutani!"

"Sikumvua," Wa Pili alisema kwa mdomo uliojaa damu. "Nilimpima tu."

"Ulimpima!"

Akambamiza juu ya meza ya kompyuta. Kibodi ikalowa damu. Wa Pili alipapasa nyuma yake bila kuona, mkono wake ukakutana na rula ndefu ya chuma, ile ya kukatia karatasi za mfano wa nguo, akaizungusha kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Ilimpasua Kaka juu ya jicho. Damu ikamshuka mpaka kwenye kola nyeupe, na Kaka akaigusa, akaitazama kidoleni kama asiyeamini.

Hapo ndipo alipopagawa sasa.

Wa Kwanza alimrukia mgongoni, akamkaba shingo, akamng'ata sikio. Kaka alimkung'uta kama mtu anavyokung'uta koti. Alianguka kwa ubavu, vifungo viwili vya blauzi vikakatika, na kile kimto kikamtoka begani kikabiringika sakafuni mpaka miguuni kwa mama yao. Mama alikiangalia. Alikuwa bado amekaa kwenye kiti chake cha mbele, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Mama, mzuie!" Wa Kwanza alilia. "Mama, wewe anakusikiliza!"

"Mwanangu," Mama alisema kwa kunong'ona, na hakujulikana alikuwa anamwita nani kati yao wawili.

Pembeni ya ukumbi palikuwa na meza ya kukatia, na juu ya meza ile pasi kubwa ya mvuke iliyochomekwa tangu asubuhi. Kaka alimburuta Wa Pili kwa kola mpaka pale, akamlaza kifudifudi, akamkandamiza mgongo kwa goti. Akauvuta mkono wake wa kulia mbele na kuubana mezani. Kwa mkono mwingine akaing'oa pasi kwenye kitako chake. Ilipumua mvuke.

"Mkono gani uliompima dada yangu?"

Wa Pili alijaribu kuuchomoa mkono.

"Nakuuliza kwa heshima. Huu?"

"Ndiyo," Wa Pili alisema. "Huo huo. Na ningempima tena."

Jamani, mapenzi ni wazimu! Mtu mzima ana pasi ya moto juu ya vidole vyake na bado anajibu hivyo.

Pasi ikashuka. Ilimpata vidole viwili vya mwisho, na ukelele aliotoa Wa Pili haukuwa wa yule mtu ambaye Wa Kwanza alimzoea akicheka meza ya mbele yake. Harufu ya ngozi iliyoungua ikajaa pale. Kaka aliinua pasi tena, juu zaidi, na safari hii aliulenga mkono mzima, mkono wa kuchorea, mkono wa kukatia, kila kitu alichokuwa nacho yule kijana maskini duniani.

Wa Kwanza hakukumbuka baadaye alivyofika pale. Alikumbuka tu kwamba kichwa chake kilitulia ghafla. Alimkumbuka msichana mdogo mwenye mkasi wa jikoni, aliyelikata shati jipya la kaka yake ili ajishonee gauni la kwanza maishani. Alilikata vizuri hata, mikono ikawa mikanda. Akaikumbuka fimbo ya chuma iliyokuwa imeegemezwa mlangoni. Akamkumbuka mama yake akimwambia daktari, kabla hata hajaulizwa, kwamba ameanguka kwenye ngazi.

Aliingia katikati ya pasi na mkono. Alilaza kifua chake juu ya vidole vya Wa Pili vilivyoungua, akageuza shingo, akamtazama kaka yake machoni. Akaivuta blauzi upande wa kulia mpaka bega likawa wazi.

"Piga hili," alisema.

"Ondoka."

"Piga hili, Kaka. La kushoto ulishalivunja. Piga na la kulia, yalingane."

Pasi ilikuwa bado juu, tone la maji ya moto likamdondokea Wa Kwanza shingoni, hakutikisika.

"Nyamaza," Kaka alisema. Sauti ilikuwa imekatika katikati. "Nyamaza, watu wanasikia."

"Waache wasikie. Nilikuwa mtoto. Nilikata shati. Ukanipiga na nondo."

"Mimi ndiye niliyekulea! Baba alipokufa nani alikulisha? Nani alikupeleka shule ya ushonaji?"

"Ni wewe. Umenilea, Kaka, na umenivunja. Yote mawili ni wewe, na siku zote nimesema moja tu."

Uso wa Kaka ukawa wa mtoto aliyefumaniwa. Kwa kitambo kidogo Wa Kwanza alidhani atalia. Badala yake akanguruma, akageuka na kuirusha pasi kwa nguvu zake zote. Ilipiga kona ya chini ya skrini kubwa, kioo kikapasuka magotini mwa ile sanamu, cheche mbili zikaruka. Kisha akakaa sakafuni, mgongo ukutani, damu ikimwingia jichoni, akawa haiondoi.

Mlinzi ndiyo kwanza akaingia, anahema, rungu mkononi. Njoo uone ushujaa! Alisimama kwa mbali na kumwelekezea rungu mtu aliyekwisha kukaa.

Madamu alishuka kwenye kiti. Alikuwa ameshika simu.

"Binti," alisema. "Nipige simu polisi? Huyu ni ndugu yako. Niambie."

Mama akasimama. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kusimama tangu kiti cha kwanza kianguke. Aliinama akakiokota kile kimto, akakipangusa vumbi, akaja nacho mpaka mezani. Alimshika Wa Kwanza mkono na kuongea naye sikioni, kwa ile sauti ya jikoni, ya kupanga mambo.

"Mwanangu, usimfanyie hivyo kaka yako. Damu nzito kuliko maji."

"Ndiyo hiyo, mama, imejaa kwenye kibodi. Kautazame uzito wake."

"Nisikilize. Yatakwisha nyumbani. Huyu kijana tutamtibu, tutamwomba radhi, hata mkitaka kuoana sitazuia. Naapa sitazuia. Wewe mwambie bosi wako..." Mama alitazama huku na huku, macho yake yakaangukia mlango wa kutokea. "Jengo lenyewe hili lina ghorofa. Tuseme kijana ameanguka. Tuseme alikuwa anakimbia, akaanguka kwenye ngazi."

Wa Kwanza alimtazama mama yake. Alimpenda mno. Alikuwa amekula mkononi mwake, amelala kifuani mwake, amefundishwa na yeye kushika sindano, na kitu cha kwanza alichofundishwa kushona kilikuwa kimto.

"Mama," alisema, "safari hii hakuna aliyeanguka."

"Mwanangu..."

"Hakuna aliyeanguka, mama. Hata mara ile. Sema. Sema mbele yao, nami sitakudai kitu kingine maisha yangu yote."

Mama alimwangalia mwanawe wa kiume pale sakafuni, yule aliyemtegemea tangu awe mjane. Lilipotoka, neno lilitoka dogo sana, wengi hawakulisikia.

"Nyumba yetu haina ngazi," alisema. Halafu kwa sauti, kwa kilio: "Nyumba yetu haijawahi kuwa na ngazi, jamani!"

Akajifunika uso kwa mikono yote miwili, kimto kikiwa bado viganjani.

Wa Kwanza alimgeukia Madamu.

"Piga," alisema.

Kaka hakuinuka. Alitaja jina moja tu la dada yake, lile la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyelitumia, na Wa Kwanza akalisikia likimchoma kuliko maji ya pasi. Hakuitika. Angeitika, angekwenda nyumbani.

Alimketisha Wa Pili sakafuni, kichwa mapajani mwake. Mtu fulani alileta ndoo ya maji, wakavitia vidole humo. Pua ilikuwa imekwenda upande na jicho moja limefumba kabisa. Lile jingine lilikuwa linamtazama yeye tu.

"Vinauma?"

"Vinaniimbia," Wa Pili alisema. "Pole wewe."

"Pole mimi! Hebu jitazame ulivyo." Alilia na kucheka pamoja. "Na ile shemeji! Shemeji ya nini, mwendawazimu wewe?"

"Ilinitoka tu. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi tangu asubuhi."

Wa Kwanza alimfuta damu kidevuni kwa mkono wa blauzi yake. Kisha akaona kwamba kuna jambo hajalimaliza, na bora alimalize sasa, likiwa bado la moto.

"Nilikudanganya kuhusu bega."

"Najua."

"Umejua leo."

"Nilijua siku ile niliyokusindikiza mpaka getini kwenu. Ulipoingia nilisimama nje nikaiangalia nyumba. Ni ya chini, mlango na kizingiti basi. Nikazunguka hata nyuma, mbwa wa jirani akanifukuza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ilikuwa yako kusema." Alimeza mate yenye damu. "Nikasema nitangoja. Huku nangoja, angalau nikate gauni."

Wa Kwanza aliinua macho ukutani. Pale nyuma ya ufa wa kioo kompyuta ilikuwa imezinduka, peke yake, bila kuguswa na mtu, na gauni lilikuwa limeshuka. Lilikuwa la bluu iliyoiva, bila kimto, bila kifichio. Upande wa kushoto Wa Pili alikuwa ameikata shingo ikashuka pamoja na mfupa, na kitambaa kililala pale kimetulia kabisa, hakikuvuta mahali popote.

Baadaye nyayo za polisi zilisikika zikipanda ngazi kwa haraka. Mama aliinua kichwa. Akamtazama binti yake, blauzi iliyokatika vifungo, bega la kushoto lililoshuka, akanyoosha kile kimto kwake kwa mazoea ya miaka yote, amwekee kabla wageni hawajaingia.

"Baki nacho, mama," Wa Kwanza alisema, na akaacha mlango ufunguliwe akiwa hivyo hivyo alivyo.